"Mimi" si jina

Mwenyekiti kanipa dakika kumi nieleze setilaiti itamjuaje anayeiamuru, na kanionya nisianze tena na Captain Midnight. Naanza naye.

Usiku wa Aprili 27, 1986, Wamarekani wametulia na filamu yao HBO, televisheni ya kulipia. Ghafla filamu ikapotea, yakaja maandishi: dola 12.95 kwa mwezi? Thubutu! Mwandishi, aliyejiita Captain Midnight, alikuwa John MacDougall, fundi wa kituo cha kurushia matangazo Ocala, Florida. Alikuwa pia muuza madishi, na biashara ilikuwa imemdodea tangu HBO wayafunge matangazo yao yasionekane bila kulipia. Mnaodhani alidukua neno la siri, hapana. Dishi la kituo chake lilikuwa limeielekea Galaxy 1, setilaiti iliyobeba matangazo ya HBO, akaongeza nguvu. Fundi wa HBO naye akaongeza. MacDougall akazidisha. Yule wa HBO akanyoosha mikono, akihofia kuiharibu setilaiti. Dakika nne na nusu hivi!

Setilaiti ile ni kipaza sauti tu: inapokea, inakuza, inarudisha chini. Mwenye sauti kubwa ndiye mwenye mkutano. Sisi mtu akipiga hodi tunauliza "nani?" Akijibu "mimi", tunarudia: "mimi nani?" Ile haikuuliza hata mara moja.

Namwona ndugu pale nyuma anatikisa kichwa: siku hizi tunasimba kila kitu. Haya. Kusimba kunaficha ulichosema, hakuthibitishi kuwa ni wewe. Nikiinasa amri yako ya kuwasha injini ya setilaiti, sina haja ya kuielewa. Kesho nairusha vilevile. Setilaiti isiyohesabu amri zake itawasha tena, na itanishukuru.

Na msiniletee taratibu za duka la mtandaoni, za kuhojiana kwanza. Setilaiti kama ile iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lipande lishuke, jibu lipande lishuke, nusu sekunde imekwenda. Mkihojiana mara nne, chai imepoa. Funguo, yaani namba za siri, ziwekwe ndani ya setilaiti kabla haijarushwa. Kila amri ibebe namba yake na muhuri mfupi uliokokotolewa kwa ufunguo huo. Ukaguzi unaishia hukohuko juu.

Galileo, mfumo wa Ulaya wa setilaiti za kuonyesha mahali ulipo, nilitaka kuichambua. Kwa haraka: inatangaza muhuri kwanza, ufunguo wa kuukagua unafuata sekunde 30 baadaye, mghushi kashachelewa. Ila saa ya mpokeaji iwe sahihi, jambo ambalo watu hulisahau kila mara.

Na KA-SAT, setilaiti ya intaneti iliyoshambuliwa Februari 2022? Wadukuzi wale setilaiti hawakuigusa, walipitia VPN, mlango wa mbali wa kuingilia mtandao, huku chini wakafuta modemu za wateja kwa maelfu... Naam mwenyekiti, nimeiona saa. Mniulize kwenye maswali.