Joto la Oktoba, Watoto wa Februari

NEEMA: Msikilizaji, karibu. Leo tupo Tabora, mvua bado haijaanza, na tunazungumzia nguruwe wa kuzalisha na mabanda yao. Kaka Shija, wewe unafuga majike sita, na mwaka jana ulimuuza dume wako ukidai kwamba amechoka.

SHIJA: Nilimuuza, dada, na leo ninaamini nilimwonea. Majike watatu niliowapandisha Oktoba walizaa Februari watoto sita, saba na watano, ilhali uzao uliotangulia hakuna aliyeshuka chini ya kumi. Mimba ya nguruwe huchukua siku 114, kwa hiyo jike aliyepandwa Oktoba 10 huzaa Februari mosi, wakati ambapo mvua zinanyesha na banda limepoa. Kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kusahau jinsi bati lilivyokuwa likichoma, nikamtupia dume lawama zote.

NEEMA: Na hapo ndipo wafugaji wengi wanapokosea, kwa sababu joto si lazima limuue mnyama ndipo lilete hasara. Nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho kama sisi. Hutegemea kuhema na kulowesha ngozi. Jike mzima hustarehe kwenye nyuzi joto 16 hadi 22 hivi, na anayenyonyesha, joto likipita 25, huanza kupunguza chakula, na maziwa nayo yanapungua. Aliyepandwa karibuni anaweza kupoteza baadhi ya vijusi katika wiki tatu au nne za mwanzo bila dalili yoyote ya nje. Dume naye mbegu zake huchukua zaidi ya mwezi kukomaa, hivyo joto kali la siku chache huweza kuharibu kazi yake ya wiki kadhaa zijazo.

SHIJA: Dalili zilikuwepo, ila mimi nilizisoma vibaya. Jike wangu mmoja mweupe alikuwa akiacha sehemu kavu ya kulala na kwenda kujilaza kwenye mkojo na kinyesi chake, nami nikamwita mchafu. Nguruwe mwenye nafasi hutenga choo na malazi. Akilala chooni mchana, anatafuta ubaridi. Siku moja saa nane nilichuchumaa karibu naye, nikatazama saa ya simu na kuhesabu ubavu unavyopanda na kushuka: mara 72 kwa dakika, naye amelala tu. Akiwa ametulia mahali penye hewa nzuri, hazipiti 30.

NEEMA: Ukafanya nini?

SHIJA: Nilianza na banda, kwa kuwa ndilo lenye kosa kubwa. Nilikuwa nimelijenga likitazama kaskazini na kusini kwa urefu, hivyo jua la asubuhi liliingia upande mmoja na la jioni upande mwingine. Kuligeuza sikuweza. Nilibomoa kuta mpaka zikabaki usawa wa kiuno, nikaziba juu kwa wavu, nikatandika nyasi nene juu ya bati na kuzifunga kwa kamba. Ukiinua mkono chini ya lile bati sasa, huusikii tena ule mvuke wa tanuri. Atakayejenga upya aulaze urefu wa banda mashariki na magharibi, ainue paa, na akiwa na mwembe, ajenge kwenye kivuli chake. Miembe ndiyo mali yetu hapa Tabora, tuitumie.

NEEMA: Wengine humwaga maji sakafuni kutwa nzima, tena Oktoba, wakati visima vinakauka.

SHIJA: Ni kupoteza maji, dada. Kinachompoza mnyama ni maji yanayokauka juu ya ngozi yake, kwa hiyo unamlowesha, unaacha akauke, kisha unarudia. Mimi nimetundika ndoo ya lita 20 iliyotobolewa kwa msumari mwembamba, inadondosha matone kwenye bega la jike. Hewa ya kiangazi ni kavu, hivyo njia hii inafaa sana. Mvua zikianza na unyevu ukizidi, haisaidii sana, bora upepo.

NEEMA: Lakini katika chumba cha kuzalia uwe mwangalifu, maana mama anataka ubaridi na watoto wa siku ya kwanza wanataka nyuzi 32 au zaidi. Matone yaishie begani kwa mama, na watoto wawe na kona yao kavu yenye maranda.

SHIJA: Kweli kabisa. Na maji ya kunywa yasisahauliwe: jike anayenyonyesha hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, lakini bomba langu jeusi lilikuwa limelala juani, na mchana lilitoa maji ya moto ambayo hakuna aliyeyagusa. Nimelifukia ardhini. Chakula ninawapa saa kumi na mbili alfajiri na tena jua linapozama.

NEEMA: Ukimkuta amezidiwa, anatoa povu na hawezi kusimama?

SHIJA: Simlazimishi kutembea wala simmwagii ghafla maji ya baridi kali. Ninamwekea kivuli palepale alipo, ninampepea, ninamlowesha polepole kwa maji ya kawaida, na namwita daktari wa mifugo.

NEEMA: Na dume mpya?

SHIJA: Yupo upande wa mwembe. Kuna majike wawili wanaokaribia joto la kupandwa. Nitawapeleka kwake saa kumi na moja alfajiri, kisha watakaa upande huohuo mwezi mzima.