Jiwe la Chumvi kwa Punda na Farasi: Usinunue Rangi

(Mhadhara uliotolewa kwa wafugaji wa punda, Bahi, mkoani Dodoma)

Mbukwenyi! Mbukwenyi wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokuja na mikokoteni. Nilipokuwa naingia nimeona punda wamefungwa chini ya mkwaju pale nje. Mmoja wao analamba mpini wa jembe lililoegemezwa kwenye mkokoteni, analamba kwa bidii, macho kayafumba. Mwenye jembe alitaka kumfukuza, nikamwambia mwache. Mpini ule umenyonya jasho la viganja vyako msimu mzima, na punda kajua chumvi iko wapi. Kwa hiyo mhadhara wa leo ameshauanza yeye.

Wako pia wenzetu wawili wanaofuga farasi, wametoka mjini. Karibuni. Nitakayosema juu ya punda yanawahusu, maana tumbo ni la aina moja. Tofauti ni ukubwa, na kwamba farasi wenu analala pazuri kuliko mimi.

Nyasi zetu, mabua ya mtama na uwele, hata pumba, vina potasiamu tele lakini sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ni kidogo mno. Punda naye anatoka jasho lenye chumvi. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 mgongoni, jua la Oktoba, mara tatu kwa siku. Mkivua matandiko jioni angalieni manyoya yaliyokauka: ule weupe ni chumvi iliyomtoka. Asiporudishiwa ataitafuta mwenyewe, kwenye ukuta wa tembe, kwenye udongo, kwenye mkojo wa wenzake, kwenye mpini.

Sasa ni kiasi gani? Farasi wa kilo 500 anayepumzika anahitaji kama gramu 10 za sodiamu kwa siku, na chumvi ni sodiamu kwa asilimia 39 tu, kwa hiyo ni chumvi ya gramu 25 au 26. Punda wetu wa kilo 130 hesabu inamwangukia kwenye gramu 7, kijiko cha chai kilichojaa kidogo. Akifanya kazi ya maji mzidishieni mara mbili. Yaani kilo moja ya chumvi inamtosha punda mchapakazi miezi miwili na zaidi! Halafu mtu ana punda mmoja, anakwenda mnadani ananunua jiwe la chumvi la kulamba, la kilo 10, analiweka uani, mvua za Januari zinalila. Punda kala kilo mbili, nane zimekwenda na maji. Mkitaka jiwe kubwa changeni watu wanne, mlipasue kwa shoka, kila mtu aondoke na bonge lake.

Nami niliwahi kuuziwa, msidhani nawacheka. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliingia duka moja la dawa za mifugo, nikaonyeshwa jiwe jekundu kama tofali. Muuzaji akasema, "Hili jekundu linaongeza damu." Nililipa karibu mara tatu ya bei ya lile jeupe. Wekundu ule, ndugu zangu, ni kutu ya chuma. Na punda wa Dodoma, kwa vumbi hili, chuma anakimeza kila anapoinamisha kichwa! Kibaya zaidi jiwe lilikuwa limechanganywa molasi. Punda wangu hakulilamba, alilitafuna kama muwa. Siku nne likaisha. Alikunywa maji mpaka tukashangaa, kinyesi kikawa majimaji wiki nzima. Hakufa kwa sababu kisima kilikuwa karibu. Chumvi nyingi bila maji inaua, na jiwe tamu halimpi mnyama nafasi ya kusema basi. Hata yale ya pinki yanayotoka Pakistani, yanayoning'inizwa kwa kamba mazizini mwa farasi, pinki yake ni chuma hicho hicho. Ni magumu, hayatafuniki upesi, na hiyo ndiyo faida yake. Mengine ni urembo.

Hebu tazameni glasi hizi mbili. Huku nimetia kipande cha jiwe jeupe, huku kipande cha jiwe la bei rahisi kutoka mnadani. Nimekoroga zote kabla sijaanza kuongea. Hii ya kwanza mnaona hadi vidole vyangu upande wa pili. Hii nyingine, mama sogea uone, chini kumekaa mchanga wa unene wa kidole. Mmenunua mchanga kwa bei ya chumvi, na mchanga hapa Bahi tunao. Jaribio hili halihitaji maabara. Mwambieni muuzaji awape kipande mkakiyeyushe hapo hapo dukani. Akikataa, mmeshapata jibu.

Ila kuna kitu ambacho glasi haiwezi kuwaonyesha, na hapa naomba vijana mnaocheza na simu mnisikilize. Mawe mengi dukani yametengenezewa ng'ombe, na mengine yametiwa yurea. Ng'ombe ana tumbo lenye vijidudu vinavyogeuza yurea kuwa chakula. Punda hana tumbo hilo, kwa hiyo jiwe la yurea ni fedha ya bure, na akilila kwa wingi ni sumu. Kubwa kuliko yurea ni dawa iitwayo monensini. Inawekwa kwenye baadhi ya vyakula na madini ya ng'ombe, na kwenye vyakula vya kuku kuzuia kuhara damu. Kiasi ambacho ng'ombe hakishtukii kinaharibu misuli ya moyo wa farasi, na punda vivyo hivyo, na dawa ya kumwokoa hakuna. Kwa hiyo someni karatasi ya mfuko. Mkiona monensini, au ndugu zake lasalosidi na salinomisini, rudisheni. Kama hakuna karatasi, au imeandikwa "madini ya mifugo" basi, rudisheni vilevile. Pumba za kuku nazo msimtupie punda kwa huruma. Wenye kondoo mnaochanganya zizi, angalieni shaba: inayomfaa ng'ombe inamkusanyikia kondoo kwenye ini mpaka anakufa.

Mzee ameuliza magadi. Magadi, mzee wangu, ni chumvi ya aina nyingine. Yana sodiamu lakini kloridi, ile sehemu nyingine ya chumvi ambayo mnyama pia anaipoteza kwa jasho ni haba. Na mengi ya magadi yetu yana floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Maji ya visima vya Singida na sehemu za huku yameshawapa floridi ya kutosha, msiongeze. Kwenye maharage wekeni mkitaka, hilo mtaamua na wake zenu.

Sasa siri ambayo wenye maduka hawapendi niitaje. Ulimi wa ng'ombe ni msasa, jiwe linakwisha kwa kulambwa. Ulimi wa punda na farasi ni laini. Analamba, analamba, hapati cha kutosha, mwishowe anauma kwa meno. Kwa punda wa kazi chumvi ya unga ndiyo bora: kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni kwenye pumba zilizoloweshwa, na maji karibu. Chumvi ya jikoni yenye madini joto inafaa. Ya Uvinza inafaa, ya Bagamoyo inafaa. Jiwe basi liwe la akiba, liwekwe ndani ya karai chini ya paa, mbali kidogo na maji asije akalidondoshea maji na kulilowesha.

Ndiyo, mama pale nyuma.

"Mimi nilinunua jiwe jeupe, zuri, mwezi wa pili sasa. Punda wangu halilambi kabisa, analipita tu. Anaumwa?"

Anakula?

"Anakula sana."

Anakunywa maji ya wapi?

"Ya kisima chetu."

Uji mnaupika kwa maji hayo hayo? Mnautia chumvi?

"Hatutii, maji yenyewe yana chumvi."

Basi na punda wako hatii. Jiwe mwuzie jirani anayenywesha lamboni.