Goti Linauma Ukichuchumaa? Liulize Kwanza

Hamjambo watazamaji wangu. Leo niko hapa Arboretum, bustani ya miti jijini Nairobi, asubuhi mapema, na nimekuja na kiti kimoja tu. Tafuta chako, kiegemeze ukutani kisiteleze, kisha simama mbele yake, miguu ipanuke sawa na mabega.

Shuka polepole ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka makalio yaguse kiti. Inuka. Fanya hivyo mara 8. Mapaja yakianza kuwaka moto, usiogope, ni misuli inafanya kazi. Ukipumzika dakika chache moto unapoa.

Sasa gusa panapouma. Je, ni paja zima, kulia na kushoto? Mara nyingi hiyo ni misuli. Au unaonyesha kwa kidole kimoja, ndani ya goti moja, na panachoma kama sindano? Hapo usilazimishe. Weka mto juu ya kiti ili usishuke sana, ujaribu tena.

Halafu yape maumivu namba, 0 hadi 10: 0 hakuna maumivu, 10 hayavumiliki. Mimi wanafunzi wangu wakiwa 3 kushuka chini tunaendelea. Ikifika 5 tunapunguza. Ikipita hapo tunaacha, na kesho yake tunaangalia kama goti limerudi lilivyokuwa.

Kesho yenyewe ina mambo yake. Utavuka daraja la watembea kwa miguu pale Thika Road, kupanda utapanda vizuri, kushuka ndiko utashika chuma. Ukishuka ngazi, msuli wa paja unakaza huku unavutwa, na kazi hiyo ndiyo inayouacha na mipasuko midogo midogo. Uchungu wake hufika kileleni kati ya siku ya 1 na ya 3. Watu wanasema ni asidi iliyobaki mwilini, lakini asidi hiyo huisha ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Tembea, usilale kitandani.

Tafadhali, usimeze dawa ya maumivu ndipo uanze mazoezi. Umenyamazisha mlinzi na mlango uko wazi.

Na kuna maumivu yasiyo ya kujadili: kifua kubana, goti kuvimba au kukwama, mguu kufa ganzi, mkojo kuwa mweusi kama strungi, yaani chai isiyo na maziwa. Acha papo hapo, nenda hospitali.

Nina mama mmoja ninayemfundisha. Kifundo chake cha mguu kilipona, daktari akathibitisha, lakini kila akiona ngazi kinauma. Hadanganyi. Ubongo ndio unaotoa maumivu, na ukishazoea kuogopa unaweza kupiga kengele hata pasipo jeraha. Tulianza na ngazi moja, akiwa amenishika mkono. Wiki iliyofuata, mbili. Mwezi huu anapanda hadi nyumbani kwake, orofa ya nne, bila kusimama.

Haya, rudi kwenye kiti. Mara 5, polepole. Uko namba ngapi?