Zile nguzo nyeupe za Lyon: najibu mara moja tu

Haya wapendwa, habari za huko. Leo sijapaka hata poda, mtanisamehe, nimetoka zamu ya alfajiri moja kwa moja. Niko hapa Lyon, Ufaransa, uwanja wa Place Antonin-Poncet, kwenye nguzo za kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Waarmenia, kwa sababu tangu niweke ile video ya Aprili nikizifuta vumbi swali ni hilo hilo, mpaka mama mkubwa naye kanitumia sauti: "Mwanangu, hao Waarmenia ni ndugu zako? Umebadili dini? Au wanakulipa?"

Sijalipwa hata senti. Na wale wa "ushaanza kujiona Mzungu" nawaona, andikeni tu. Habari ya 1915 sitairudia, jinsi dola ya Waosmani ilivyoua Waarmenia wapatao milioni moja na nusu, mnaijua. Nieleze tu kwa nini nilikuwa nafuta vumbi kwenye nguzo za watu.

Hizi hapa nyuma yangu ni 36, za zege. Zilizinduliwa 24 Aprili 2006, na siku chache kabla watu walishazichafua kwa rangi usiku. Wapo waliozipinga hadharani kabisa. Kumbe hata jiwe la msiba huku linaombewa kibali! Pale Geneva, Uswisi, msanii Melik Ohanian naye aliwatengenezea Waarmenia hao hao kumbukumbu ya nguzo za taa za barabarani, ila mahali pa taa kuna tone la chozi. Toka wazo likubaliwe mjini mpaka zisimamishwe 2018 ilipita kama miaka kumi. Nikasema afadhali mimi na kadi yangu ya ukaazi.

Eeh, kadi. Hapo ndipo yote yalipoanzia, na msiseme nalalamika, nasimulia.

Mwaka juzi makaratasi yangu yalikwama. Miadi inatafutwa mtandaoni, unaamka saa saba usiku, unakuta nafasi zimeisha. Nikaambiwa cheti cha kuzaliwa kitafsiriwe upya na mtafsiri aliyeapishwa, kile cha mwanzo "kimezeeka". Cheti kinazeeka? Huko nyumbani binamu anataka nauli ya kukifuatilia, na nauli yenyewe ikazaa soda, soda ikazaa chakula cha mchana. Ukija kupata kadi unalipia tena. Halafu mtu ananiandikia, "Dada, nitumie laki mbili tu."

Siku hiyo nikakaa kwenye ngazi nikalia. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, bibi wa Kiarmenia, yule aliyeniletea majani ya mzabibu yamefungiwa wali siku nahamia, akanivuta mpaka kwake. Hakunipa pole. Alifungua bati la biskuti akatoa karatasi imekunjwa mara nne, pa kukunjia pameshikwa na gundi. Ya baba yake. Pasipoti ya Nansen, walizopewa watu wasio na nchi. Waarmenia waliingizwa kwenye mpango huo 1924. Picha ya kijana masikio yametoka, shati la kuazima. Alishukia Marseille, akaja kufanya kazi kiwanda cha hariri bandia Décines, hapo nje ya mji. Akaniambia, "Baba alikuwa na karatasi hii moja. Kaburi la mama yake hakuwa nalo."

Mama huyo aliangukia njiani, kwenye misafara ya Waarmenia waliofukuzwa kwa nguvu kwenda Deir ez-Zor, jangwani Syria. Huko nako palijengwa kanisa la kumbukumbu, likalipuliwa 2014. Sasa bibi aweke maua wapi? Anaweka hapa. Huchagua nguzo ile ile, ya pili kutoka upande wa mto, anaipangusa kwa leso kama mtu anavyompangusa mtoto uso. Goti lake limeharibika, haliinami. Ya chini napangusa mimi. Video mliyoiona ndiyo hiyo.

Mmoja kaandika, "Mbona hulii kwa Rwanda?" Ndugu yangu, tarehe 7 Aprili, siku ya kumbukumbu ya Rwanda, nilikuwepo pia, sema simu iliisha chaji. Na Raphael Lemkin, mwanasheria wa Poland aliyelitunga neno "genocide", yaani mauaji ya kimbari, 1944, habari za Waarmenia zilikuwa kichwani mwake muda mrefu kabla.

Halafu mimi ni wa Songea. Kila 27 Februari tulipangwa mstari na sare, jua kali, pale walipozikwa wazee walionyongwa na Wajerumani 1906, vita vya Majimaji. Mmoja wao ni Nduna Songea Mbano, inasemekana Wajerumani walimkata kichwa wakaondoka nacho, mpaka leo kinatafutwa. Kwa hiyo mtu akiniambia hajui bibi yake amelala wapi, sihitaji mkalimani.

Mimi siwaambii mje, kila mtu na mfuko wake. Ila aliye Lyon tayari, tramu ya T3 inafika Décines, kuna mnara wa kumbukumbu wa 1972 na barabara inaitwa 24 Aprili 1915, tarehe Waarmenia wanayokumbuka mauaji hayo. Mnara huo nao uliandikwa matusi usiku, mwaka 2020. Kule Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kwenye mnara mkuu wa kumbukumbu uitwao Tsitsernakaberd, bibi amefika mara moja. Anasema ngazi za kushukia kwenye moto usiozimwa zimejengwa za mteremko mkali makusudi, usiposhuka umeinamisha kichwa utaanguka. Nilitaka kwenda naye, lakini kadi yangu ilikuwa bado "inashughulikiwa".

Ngoja, yule anakuja. Kashika maua na mfuko wa soko, na goti lile. Bibi, subiri hapo hapo, nakuja!