Kigae cha Pembe Tano

Mbukwenyi! Asanteni. Mlio nyuma sogeeni, maana leo mikono itafanya kazi kuliko masikio.

Kila meza ina bahasha ya vipande vya boksi. Nimevikata jana usiku kwa mkono wangu. Vyote ni pembetano: pande tano sawa, pembe tano sawa. Funikeni meza pasibaki uwazi wala kipande kisipande juu ya mwenzake. Dakika mbili.

Haya. Meza ya dirishani wameshaanza kulaumu mkasi wangu, lakini mkasi hauna kosa. Vigae vinavyokutana nchani, pembe zake lazima zitimize nyuzi 360. Pembetatu sawa ina nyuzi 60, zinakaa sita. Mraba una 90, inakaa minne. Pembesita sawa ina 120, zinakaa tatu. Hii yetu ina 108: weka tatu upate 324, ubaki na ufa wa nyuzi 36, na ya nne haiingii hata uisukume kwa nyundo.

Sasa shikeni kalamu. Choreni nyumba kama ya mtoto wa chekechea: sakafu, kuta mbili, paa la mgongo. Si tembe la Kigogo, tafadhali! Paa la tembe ni bapa, ukilichora kwa mbele unapata mstatili, na mstatili hausumbui mtu. Hesabuni pande za nyumba yenu. Tano, siyo? Zipangeni nyumba za namna hiyo ukuta kwa ukuta. Kati ya mapaa kuna mabonde. Chukueni safu nyingine, muipindue kichwa chini, mapaa yake yashuke mabondeni. Uwazi uko wapi?

Kumbe pembetano inakubali, mradi tuache kudai usawa. Basi ziko aina ngapi zinazokubali, tukiacha zile zenye kona iliyobonyea ndani? Mwaka 1918 mwanahisabati Karl Reinhardt alitaja tano. Mwaka 1968 mwenzake Richard Kershner akaongeza tatu, akatangaza kwamba orodha imekamilika. Haikuwa imekamilika.

Marjorie Rice alikuwa mama wa nyumbani huko San Diego, Marekani, na hesabu zake ziliishia sekondari. Mwaka 1975 alisoma habari za vigae hivi kwenye jarida, akaanza kuchora jikoni. Mtu akitokea, anafunika michoro upesi. Alama za wanahisabati hakuzijua, akajitungia zake. Kufikia 1977 alikuwa amepata aina nne mpya. Kisha akazigeuza picha: nyuki juu ya maua, samaki. Walimu wenzangu, mtoto akichora pembeni mwa daftari la hesabu huwa tunamkata jicho. Mimi pia nimefanya hivyo, na sijivunii.

Wengine nao waliongeza zao, hadi aina ya 15 ikapatikana 2015, kwa msaada wa kompyuta. Mwaka 2017 mwanahisabati Michaël Rao wa Ufaransa akatoa uthibitisho kwamba ya 16 haipo.

Naona kijana mmoja amenuna. Usinune. Uthibitisho wa Rao unahusu zile zisizobonyea ndani tu. Maboksi yamebaki mengi, mikasi iko pale mlangoni. Anza na yenye kona moja iliyobonyea ndani, uone inakaaje.