Kisukari kishuke mpaka zahanati
(Mazungumzo ya Uyole, Mbeya, kama yalivyotolewa)

Ndaga fijo wazee wangu, mama zangu na vijana kwa kuja, najua kuna walioacha viazi shambani. Mimi ni nesi na leo nina ombi moja, huduma ya ugonjwa wa kisukari ishuke mpaka zahanati.

Sisi wa nyanda za juu kusini ugonjwa wa kudumu tunaujua. Ukimwi ulivyotupiga huku Makete, Njombe, Iringa, Mbeya, mwanzoni dawa mpaka uifuate hospitali kubwa, baadae zikashushwa chini, leo mtu ana kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya matunzo na dawa za Ukimwi, ana tarehe ya kurudi, asipotokea anapigiwa simu au mhudumu wa jamii anamfata mpaka nyumbani, na dawa ni bure. Haya, mwenye sukari naye dawa ni za maisha, yeye nani anamfata? Sehemu nyingi kliniki ya sukari ni hospitali, siku moja kwa wiki, kwahiyo bibi anapanda gari alfajiri toka Umalila bila kula maana kaambiwa apimwe kabla hajala, anakuta foleni, saa saba mchana bado yupo kwenye benchi, na jana usiku alichoma insulini. Sukari ya damu inashuka chini ya 4 (mmol/L, kipimo cha mashine zetu), anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea hovyo, watu wanasema kalewa. Jamani huyu anataka maji ya sukari, tena haraka!

Na zahanati kwao ipo. Nesi yupo, saa nyingine hata mashine ya kupima sukari ipo kabatini ila vijiti vyake vya kuwekea tone la damu vimeisha. Madiwani mliopo hapa, vijiti na metformin, vidonge vya sukari, viingie kwenye bajeti ya zahanati, hilo ndo ombi lenyewe.

Alafu miguu, hapa naomba mnisikilize sana. Baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua, mtu anasogeza miguu kwenye jiko la mkaa. Mwenye sukari ya muda mrefu mishipa ya fahamu inakuwa imeharibika, nyayo zina ganzi, moto hausikii, anakuja kushtuka soksi inanuka na lengelenge limeshatoka. Damu haifiki vizuri, kidonda hakifungi, wengine ndo wanaishia kukatwa mguu. Inaniuma sana manake kukagua miguu ni dakika chache, avue viatu, umwangalie katikati ya vidole, afumbe macho umguse na pamba aseme wapi anasikia. Hakuna umeme hapo wala mashine, lakini mgonjwa anaandikiwa dawa akiwa bado na viatu miguuni!

Watoto pia wanapata. Mtoto anakunywa maji sana, anakojoa sana, anakonda, msianze kuzunguka kwa waganga, apimwe siku hiyohiyo, insulini ipo duniani tangu 1922.

Wenzangu wamekaa kule nyuma na vijiti leo vipo. Ambaye hajala kabisa tangu jana usiku aanze yeye, ikisoma 7 kwenda juu tutamwandikia siku ya kurudia kipimo. Na viatu mvue hapohapo.