Anayetafuta Habari Ajifunze Kunyamaza

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimelisema jambo hili darasani hadi sauti ikakauka, na leo nalirudia: kazi ya ujasusi, ya kupata habari kutoka kwa binadamu, haimtaki bingwa wa maneno. Inamtaka mtu anayejua kunyamaza.

Mtazameni Hanns Scharff, Mjerumani aliyewahoji marubani wa Marekani waliotekwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Hakupiga mtu, hakufoka. Alitembea nao msituni wakipiga soga kama majirani. Wakati mmoja alitaka kujua kwa nini risasi za mwanga, zile zinazoacha mstari angani, za ndege za Marekani hubadilika rangi, kutoka nyekundu kuwa nyeupe. Hakuuliza. Alitaja tu, kama mtu anayejua tayari, kwamba Wamarekani wameishiwa kemikali ya kutengenezea zile nyekundu. Mateka akamsahihisha: sivyo, nyeupe humwonya rubani kwamba risasi zinakaribia kuisha. Basi! Jibu limetoka, na aliyelitoa hajui kama ametoa kitu.

Kijana pale anatikisa kichwa. Utaniambia huo ni ulaghai. Hila imo, sikatai, lakini haimkubali mtu mwenye dharau. Dharau huonekana machoni, na aliye mbele yako atafunga mdomo. Utaniambia pia siku hizi kuna kamera na simu. Kamera itakuonyesha fulani kaingia mlango gani. Kaingia na nia gani, haijui!

Nendeni Kariakoo jioni, kwenye kijiwe cha kahawa. Muuza kahawa anagonga vikombe, anamimina, hamkatizi mtu. Anajua nani anadaiwa na nani kagombana na shemeji yake, na hajauliza swali hata moja. Huwa nawatuma wanafunzi wangu wakae pale nusu saa bila kuchangia hoja ya Simba na Yanga. Wengi hawafiki dakika kumi.

Kumbukumbu, lugha, subira, hizo nazo zinatakiwa: muda umeniishia, napita. Ila la kuripoti siliachi. Andika ulichosikia, usiandike anachopenda mkubwa wako. Mwiraki mmoja, kwa jina la siri Curveball, aliwaambia majasusi wa Ujerumani kwamba Iraki ina maabara za silaha za kibayolojia zinazohamishwa kwa malori. Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, akayasema hayo Umoja wa Mataifa. Mwezi uliofuata Marekani ikaivamia Iraki, vita ikaanza. Mwaka 2011 mtu yule akakiri kwamba alidanganya. Ndani ya idara zenyewe za ujasusi walikuwamo waliomtilia shaka mapema. Hawakusikilizwa.